Jicho la Mwosha Maiti

Shangazi yangu Wahiba, Mungu amrehemu, alikuwa akijaribu maji ya maiti kwa kiwiko, kama mama anavyojaribu maji ya kumwogeshea kichanga. Yakiwa ya moto aliyapoza kwa maji ya mtungini. Yakiwa baridi alimrudisha jikoni aliyeyaleta, hata awe mke wa mwenyekiti wa kijiji. "Huyu aliyelala hapa anahisi," alikuwa akisema. "Amefungwa ulimi tu."

Aliifanya kazi hiyo tangu alipokuwa mjane kijana. Kijiji chetu kiko kusini mwa Misri, upande wa magharibi wa Nile, ukishapita mji wa Kusi, na miwa imekizunguka pande tatu. Wanawake wengi waliolala makaburini kwetu walipita mikononi mwake. Mama yangu mzazi alipita pia, mimi nikiwa bado nanyonya. Watu waliporudi kutoka kuzika, shangazi alinibeba akanipeleka kwake, na sikurudi tena kwa baba isipokuwa siku za sikukuu. Yeye hakujaliwa mtoto.

Msimdhanie mtu wa huzuni. Alipenda chai nyeusi yenye sukari ya kugandisha kijiko, na alipenda utani. Wanawake waliokaa kwenye baraza za udongo walikuwa wakimwona anapita, wanajifunika nyuso.

"Wahiba, usinitazame hivyo. Mimi bado."

"Bado nini? Fua kwanza nguo zako za ndani, nisije nikaaibika mbele ya malaika."

Lakini kwenye kazi yenyewe alikuwa mtu mwingine. Kovu, kilema, alama ya kipigo cha mume, alichokiona chini ya shuka kilizikwa pamoja na mwenyewe, na kila mtu alijua kwamba mmwaga maji wake hugeukia ukutani. Kwa sababu hiyo wanawake walikuwa wakimtaja katika wasia: nikifa, anioshe Wahiba. Alikuwapo mwosha mwingine, Sitohumu, wa upande wa mfereji. Mikono yake ilikuwa mizuri tu. Mdomo wake ndio ulioogopwa. Tulikuwa tunasema kwetu kwamba ukioshwa na Sitohumu unazikwa mara mbili, mara ya pili sokoni.

Shangazi alikuwa na rafiki mmoja tangu usichana, Fahima, mke wa mwuza njiwa. Walibaleghe pamoja, wakaolewa msimu mmoja, wakawa wajane wote wawili. Fahima alimtaka ahadi tangu mimi nikiwa mdogo, na kila sikukuu aliikumbusha: akifa, asiguswe na mwosha mwingine. Kwa nini aliogopa hivyo, sijui. Nilikuwapo siku alipooshwa na mpaka leo sijui, na nitaeleza.

Jicho la kushoto la shangazi lilipotea zamani, kwenye kambi ya macho iliyowekwa katika shule ya msingi. Macho yote mawili yalikuwa yameanza kuingiwa na mtoto wa jicho, wakaanza na hilo. Walimchoma sindano ya ganzi, wakamfunika uso kwa kitambaa kijani chenye tundu, wakamwambia asitikisike. Ganzi ilimwisha kazi ikiwa katikati. Alilala akisikia kila kitu na hakulalamika, mpaka mwili wenyewe ukaruka na kisu kikaenda mahali pasipo pake. Jicho lile likanywea likawa kama zabibu kavu.

Alibaki na la kulia, na kwa miaka lilimtosha. Kisha nalo likazidi ukungu. Alianza kunituma nimtungie uzi sindanoni. Siku moja alimwosha binti wa mwalimu, na povu la sabuni likabaki nyuma ya sikio la marehemu. Sitohumu alikuwa amekuja kuaga, akaliona. Kabla ya swala ya alasiri kijiji kizima kilijua kwamba Wahiba anawapeleka watu kwa Mola wao na sabuni masikioni.

Shangazi hakutoka nje siku ile. Alikaa karibu na tanuri, mikono imelala mapajani. Siku zile Fahima alikuwa hatoki tena kitandani, tumbo limemjaa maji kwa ugonjwa wa ini, akamtuma mwanawe Kenawi aje kumwita. Tukaenda.

"Nimesikia habari za sabuni," Fahima alisema.

"Umbea unafika hata kwa wagonjwa."

"Unafika kwanza kwa wagonjwa, ndio wenye nafasi." Akashika pumzi. "Nenda ukatengeneze jicho, Wahiba. Nenda kabla sijaondoka. Sitaki uniache mikononi mwa yule mwanamke eti huoni."

"Naogopa sindano ile."

"Mimi naogopa zaidi. Nenda."

Ndiyo sababu tulikwenda hospitali ya macho mjini. Watu walisema alikwenda kwa kuona aibu ya Sitohumu. Hapana. Alikwenda ili aone kumwosha Fahima.

Daktari wa ganzi alikuwa mwanamke mwembamba, jina lake Shirini. Hakusimama juu yetu kama wengine. Alikaa ukingoni mwa kitanda, goti lake likigusana na la shangazi.

"Mama, hili la kushoto liliharibikia mezani. Ilikuwaje?"

"Kazi ya Mungu."

"Ya Mungu naijua. Nauliza ya daktari."

Shangazi akacheka bila kutaka. "Ganzi iliniisha njiani. Nilivumilia, mwisho mwili ukakataa kunitii."

"Kwa nini hukuwaambia inauma?"

"Waliniuliza. Nikawajibu alhamdulillah."

Daktari akafunga macho kidogo. "Hiyo ndiyo shida yangu na nyinyi. Mtu anachinjwa, namuuliza hali, ananiambia alhamdulillah."

"Sasa nikamshtaki Mungu kwa viumbe wake?"

"Usimshtaki Mungu. Nishtaki mimi kwa mimi mwenyewe. Niambie, Shirini, inauma."

Kisha akatueleza. Dawa ya ganzi wanayochoma pembeni mwa jicho ilikuwa ya siku zote, lakini walikuwa wakijaribu kuichanganya na dawa nyingine kidogo, ile wanayopewa wagonjwa mahututi ili watulie. Waliochanganyiwa, alisema, ganzi iliwashika upesi, jicho lilitulia kama jiwe, na maumivu hayakuwajia mpaka jioni. Ila si kila mtu alichanganyiwa. Nusu walipata ya kawaida, ili wapate kulinganisha, na yeye mwenyewe hakuambiwa nani kapata ipi mpaka jaribio liishe.

"Hata wewe hujui?"

"Hata mimi. Anayechanganya ni mwingine."

"Basi hiyo ni kudura," shangazi akasema. "Mimi na kudura tunajuana. Lete wino." Akaweka dole gumba.

Daktari alimshika mkono kabla hatujaondoka. "Sikia vizuri, mama. Maumivu ni mlinzi. Nikikutia ganzi nimemlaza mlinzi wako, na huenda akalala mpaka jioni. Ukiligonga jicho halitasema. Likiingia maji halitasema. Usiiname, usinyanyue kitu, usivue kifuniko, usiloweshe uso mpaka nikuone kesho yake."

"Na udhu?"

"Pangusa juu ya bandeji."

"Hukumu ya bandeji naijua tangu hujazaliwa."

"Najua unaijua. Nakuomba uitumie. Na nitakuwa nakupigia simu siku nzima kukuuliza kama maumivu yameanza. Unijibu ndiyo au hapana. Alhamdulillah ije baadaye."

Nyumbani alijizoeza kwa utani. Nikimuuliza kama anataka chai, ananijibu, "Ndiyo. Kisha alhamdulillah."

Siku ya upasuaji waliingia naye mapema, akiwa wa kwanza. Nilikaa ukumbini nikisoma Yasini. Nilikuwa nasubiri ukelele na haukuja. Alitoka kwenye kiti cha magurudumu, jicho limefungwa bandeji na juu yake kifuniko kigumu chenye matundu, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo sijawahi kumwona nayo.

"Iliuma?" nikamuuliza.

"Hata kidogo. Nilimsikia daktari akifanya kazi kama fundi aliye nyumba ya jirani." Akainua kidole akagusa shavu lake. "Nusu ya uso wangu ilikufa, Samiha. Nimegusa hapa nikaona ni pa mtu mwingine."

Njiani hakusema mengi. Tulipokaribia kijiji akaniuliza ghafla, "Unadhani wao ndivyo walivyo?"

"Nani?"

"Maiti. Kama wako hivi, basi nimewapashia maji bure miaka yote hii."

Tulipofika mlangoni akajijibu mwenyewe: "Labda wanahisi kwa mahali pengine."

Nilimlaza, nikamnywesha mchuzi wa njiwa kwa kijiko na vipande vya mkate wetu wa jua, ule unaoumuliwa juani, vilivyoloweshwa. Akasali adhuhuri akiwa amekaa, akapangusa juu ya bandeji kama alivyoelekezwa. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Nataka lijulikane hilo, kwa sababu watu wamesema alikuwa mkaidi.

Kenawi mwana wa Fahima akabisha mlango. Alipoona bandeji akarudi nyuma hatua moja.

"Samahani, mama mdogo. Sikujua kwamba ni leo."

Shangazi alikuwa ameshakaa kitako. "Lini?"

"Sasa hivi, adhana ikilia. Jamaa wanasema azikwe kabla ya alasiri, joto ni kali." Akatazama chini. "Sitohumu amesikia. Amefika pale kwetu."

Shangazi akaniambia nimpe kanzu nyeusi.

Nilimshika mabega. "Shangazi, Mungu hakulazimishi hili. Ni faradhi kifaya, akiifanya mmoja wote wameshushiwa mzigo. Sitohumu ataifanya."

"Faradhi ataifanya Sitohumu. Na ahadi ataifanya nani?"

"Daktari amesema usiiname."

"Sisikii kitu, mwanangu. Jicho limelala."

"Ndivyo alivyokuonya. Limelala, halitasema."

Akanishika kidevu. Jicho lilikuwa limefungwa na lile lingine lilikuwa limekufa, kwa hiyo hakuniona, lakini alikielekeza kidevu changu kwake kana kwamba ananitazama. "Nililitengeneza kwa ajili ya leo," akasema. "Unanitaka nilitunze mpaka lini?"

Nikamvalisha kanzu.

Sitohumu alikuwa kwenye baraza la nyumba ya Fahima, mikono imekunjwa mpaka viwikoni. "Wewe umetoka kupasuliwa leo," akamwambia shangazi mbele ya wanawake wote. "Huoni hata kizingiti. Kaa kitako nimwoshe mimi. Kwani nitamla?"

"Hutamla. Utamsimulia."

Wanawake wakainamisha vichwa. Sitohumu akakunjua mikono yake polepole, kisha akashuka barazani akaenda zake.

Shangazi hakuruhusu mtu mwingine chumbani ila mimi, niwe macho yake na mmwaga maji. Akayajaribu maji kwa kiwiko. Alisita pale, kiwiko kikiwa ndani ya maji, nadhani alikuwa akifikiria shavu lake. Kisha akasema yako sawa. Alimwosha kichwa kwa majani ya mkunazi, shingo, upande wa kulia, na nilimwongoza kwa sauti. Alipofika kifuani alisimama.

"Sasa geukia ukutani. Utamwaga nikikuambia."

"Utaonaje?"

"Mikono yangu inamjua."

Nikageukia ukutani, mkono wa birika nyuma yangu kama mjinga. Nilimsikia akiinama, nilimsikia akihema anapomgeuza, na Fahima alikuwa amekuwa mzito kwa yale maji ya tumboni. Simu ikalia mfukoni mwangu. Ilikuwa hospitali. Shangazi akaniambia nirudi, shuka alikuwa ameshalirudisha, nikamwekea simu sikioni kwa sababu mikono yake ilikuwa na povu.

"Mama Wahiba, maumivu yameanza?"

"Hapana." Akanyamaza kidogo. "Alhamdulillah."

Nilimsikia daktari akicheka. "Umejifunza. Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ni kama sina jicho."

"Vizuri sana. Unapumzika?"

"Niko na Fahima, rafiki yangu."

"Vizuri. Msizungumze sana."

"Hazungumzi," shangazi akasema.

Nikaondoa simu. Nikageukia ukutani tena.

Tulipokuwa tunaelekea mwisho, alipomkanda tumbo tena taratibu kama inavyotakiwa, maji yaliyokuwa ndani yalitoka kwa nguvu. Nilisikia yakipiga ukuta. Nikageuka bila kuambiwa, shuka lilikuwa mahali pake, na uso wa shangazi ulikuwa umelowa, bandeji imekuwa rangi ya chai.

"Shangazi, bandeji."

"Mwaga maji. Mara ya tatu bado."

Tukamaliza. Tukamtia kafuri, tukamvika sanda, shangazi akafunga mafundo kwa mkono wake. Wanaume walikuwa wakisubiri na jeneza mlangoni. Akaomba maji ya moto na sabuni aende bafuni.

Hii ni desturi yetu, kila mwosha anajua. Ukishamwosha maiti unaoga mwili mzima kabla ya kusali, toka utosini. Shangazi alikuwa ameifanya mamia ya mara, mwili ulikuwa unaifanya peke yake. Nilisimama nje ya mlango nikamkumbusha asiguse kichwa. Akanijibu ndiyo. Nikasikia kopo likigonga pipa, na maji yakianguka, yakianguka tena. Nikagonga mlango. Ulikuwa na komeo.

Alitoka nywele zinachuruzika, kifuniko chenye matundu kikiwa mkononi na bandeji imekamuliwa imekunjwa vizuri juu yake, kama mtu anayerudisha chombo cha watu. Jicho lilikuwa jekundu na wazi, na maji yalikuwa yakitiririka kutoka humo.

"Maji ya maiti yaliingia chini ya kitambaa," akasema. "Nisingeweza kusimama mbele ya Mungu nayo usoni. Nimelisafisha kwa sabuni mara tatu. Sikusikia kitu, Samiha. Ni kama nilikuwa naosha uso wa mtu mwingine."

Kisha akanitazama. Ndiyo mara ya mwisho aliyoniona, na aliniona vizuri, kuliko miaka yote iliyotangulia. "Umekonda," akasema.

Nilimfunga kwa kitambaa safi. Alimsalia Fahima akiwa nyuma ya wanaume, kwenye mlango wa uwanja. Maumivu yalimjia jua linazama, na alipoulizwa kwenye simu alijibu ndiyo, ila alidhani ni ganzi inayotoka, kwa kuwa aliambiwa ikitoka atasikia. Asubuhi yake tulikuwa hospitali kabla milango haijafunguliwa.

Daktari Shirini alifungua kitambaa mwenyewe. Alivua glavu, kisha akachukua nyingine akavaa bila kugusa kitu, halafu akamwita mpasuaji. Mpasuaji aliwasha taa, akaangalia, akazima taa.

"Mama, ulifanya nini?" daktari akauliza.

"Niliosha mtu. Kisha nikajiosha."

"Na hukusikia jicho linawasha? Sabuni hukuisikia?"

"Mwanangu, ulinipa dawa nisisikie. Ilifanya kazi."

Hakumwambia kwa kumlaumu. Lakini niliona namna lilivyompiga.

Kidonda kilikuwa kimefunguka kwa kuinama na kunyanyua, na uchafu umeingia ndani. Walimpasua tena, wakamchoma dawa ndani ya jicho lenyewe, wakamlaza wodini. Homa ilipanda na kushuka. Mwisho walituambia kwamba jicho litabaki mahali pake kwa umbo tu. Shangazi aliitikia kwa kichwa. Aliomba apelekwe nyumbani kabla ya kuvunwa miwa, kwa kuwa alipenda harufu yake.

Nimeulizwa na ndugu zangu kwa nini Mungu amlipe hivyo mtu aliyetimiza ahadi. Mimi nimesoma mpaka sekondari tu, mambo hayo yananizidi. Nililia kwenye msala mara nyingi nikiuliza neno hilo hilo. Sikujibiwa. Naendelea kusali.

Daktari Shirini alikuja kijijini kwetu baada ya jaribio kuisha. Alikaa chini mkekani akanywa chai yetu tamu mpaka tone la mwisho. Alituambia kwamba shangazi alikuwa mmoja wa waliochanganyiwa dawa ya pili, na ganzi yake ilikaa muda mrefu kuliko ya karibu wote. Akasema amewaomba wakubwa zake kwamba mtu anayechanganyiwa asirudishwe nyumbani mpaka ganzi imtoke, na kwamba sasa anawauliza wagonjwa swali asilokuwa akiuliza: nyumbani kwenu leo kuna nini, nani mgonjwa, nani anakutegemea.

"Usiitupe dawa ile kwa ajili yangu," shangazi akamwambia. "Ningekuwa nayo kule shuleni, ningekuwa na macho mawili."

Daktari aliinamisha uso kwenye glasi tupu. Shangazi alimsikia akilia, akanyoosha mkono akapapasa mpaka akampata bega.

Baada ya hapo alikaa barazani, tasbihi mkononi. Kipaza sauti cha msikiti kilipotangaza kifo cha mwanamke, alikuwa akiinuka, mikono ikianza kukunja kanzu, kisha anakumbuka anakaa. Kazi ilikwenda kwa Sitohumu. Watu hawakuwa wakatili, waliendelea kumsalimu, lakini utani uliisha. Hakuna aliyejifunika uso tena anapopita, kwa sababu hakuwa akipita.

Alinifundisha mimi. Alinilaza mkekani akaniosha bila maji, nikiwa na nguo zangu, akinitajia kila hatua. Kisha akalala yeye, nikamwosha hivyo hivyo, na akawa ananirekebisha akiwa amefumba macho yake yasiyoona. "Mwosha huoshwa," akasema, akacheka kidogo. "Uwe wewe. Asiwe mwingine."

Mara moja tu nilimuuliza kama anajuta. Tulikuwa tunachambua maharage.

"Fahima alikwenda kama alivyotaka," akasema. Akaendelea kuchambua, vidole vikitafuta mawe. Baadaye sana, nilipokuwa nimeshaweka chungu motoni, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini nilitaka kuuona uso wako ukizeeka."

Alikufa wakati wa baridi, miwa ikikatwa. Kifua kilimbana asubuhi, na kabla jua halijapanda sana alikuwa ameshatoa shahada. Nilimfunga kidevu. Nilichemsha maji mwenyewe.

Mwosha mmoja hamudu, lazima awepo wa kumwaga. Wanawake walitazamana, kisha Sitohumu akaingia bila kuitwa. Alisimama karibu na birika. Nilikuwa na maneno mdomoni, lakini alinitangulia.

"Niambie tu lini nigeukie ukutani," akasema.

Nikajaribu maji kwa kiwiko. Yalikuwa ya moto, nikaongeza ya mtungini. Nikamwosha kichwa na mkunazi. Nilipofika usoni nilisimama. Jicho la kulia lilikuwa halikufumba sawasawa, ukope umebaki wazi kiasi cha uzi. Nikachukua pamba, nikailowesha, nikaikamua mpaka ikabaki na unyevu tu, nikaanza kupangusa kuzunguka, polepole, nisiguse katikati.

Sitohumu alisubiri na birika lake. Alisubiri sana, akalihamishia mkono wa pili.

"Samiha, acha nimwage tu," akasema, na hakusema kwa ubaya. "Wanaume wanangoja. Na mwenyewe hahisi."

"Anahisi," nikamwambia, nikaendelea na pamba.